Jiji Erevu Huanzia Kwenye Bajeti na Mtaro: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Uendeshaji wa Nairobi

Majibu haya ni ya wakazi, vikundi vya mitaa, wafanyabiashara na wanafunzi wanaotaka kujua jinsi serikali ya kaunti inavyoliwezesha jiji kuwa erevu na endelevu, na mahali inapokwama. Baadhi ya majibu ni marefu kwa sababu hapo ndipo mambo huharibikia.

Jiji erevu ni jiji la namna gani?

Ni jiji ambalo ofisi zake hujua kinachotokea mitaani kikiwa bado kinatokea, huamua kwa kutegemea taarifa hizo, na uamuzi ukafika hadi kwenye bomba, mtaro na stage. Likiwa endelevu, huduma hizo zitakuwepo bado miaka 20 ijayo bila kumaliza maji, hewa na pesa za watakaokuja. Mambo hayo mawili hayatenganishwi: mita ya kisasa ikifungwa kwenye bomba lililooza, kazi yake itakuwa kuhesabu kinachomwagika.

Kuna viwango vya kimataifa vya kupimia hali hiyo. ISO 37120 hupima huduma za jiji, na ISO 37122 ya mwaka 2019 huongeza viashiria vya jiji erevu. Mkazi hahitaji kuvisoma vyote. Anahitaji kuuliza swali moja kwa kila mradi: ni namba gani itabadilika, kutoka ngapi hadi ngapi, na nani ataipima?

Watu wengi huitaja Konza, jiji jipya la teknolojia, kama mfano. Konza inajengwa kwenye ekari 5,000 ambazo hazikuwa na jiji. Nairobi ilikuwa na watu 4,397,073 katika sensa ya 2019, na ukarabati wake hufanywa watu wakiwa ndani ya nyumba. Hizo ni kazi mbili tofauti kabisa, na hii ya pili ndiyo ngumu.

Nani anawajibika kwa nini?

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliipa kaunti barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho, uchukuzi wa umma, mitaro ya maji ya mvua, uzoaji wa taka, mipango ya ardhi, leseni za biashara, zimamoto, na udhibiti wa uchafuzi wa hewa na kelele. Kwenye karatasi hilo ni wazi. Barabarani linachanganya.

Barabara ya Thika iko chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za kitaifa. Ngong Road iko chini ya KURA, mamlaka ya barabara za mijini. Kichochoro kinachoingia mtaani kwako huenda ni cha kaunti. Maji husambazwa na kampuni ya maji na majitaka ya jiji, inayomilikiwa na kaunti, lakini mabwawa na mabomba makuu hujengwa na wakala wa serikali kuu, na bwawa la Ndakaini lenyewe, lenye uwezo wa mita za ujazo milioni 70, liko Murang'a. Mto Nairobi una wasimamizi kadhaa kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo kabla ya kulalamika, tafuta mwenye kazi. Shimo likiwa kwenye barabara ya KURA, barua iliyopelekwa City Hall, makao ya kaunti, itazunguka miezi na kurudi ilivyokwenda.

Mgawanyo huu umewahi kuvurugwa makusudi. Februari 2020 kaunti iliikabidhi serikali kuu kazi nne: afya, uchukuzi, ujenzi na huduma za umma, na mipango ya jiji. Shirika la Nairobi Metropolitan Services liliziendesha hadi Septemba 2022, zikarudi. Barabara na hospitali kadhaa zilijengwa. Lakini kila uhamisho wa namna hiyo huhamisha pia watumishi, mafaili, nywila za mifumo na kandarasi. Jiji lisilo na orodha kamili ya mali zake hupoteza kumbukumbu kila mkono unapobadilika, na mfumo mpya huanza na takwimu pungufu.

Mipango ni mingi. Upi una nguvu?

NIUPLAN, mpango mkuu wa 2014 hadi 2030, husema jiji likue kuelekea wapi. Mpango wa maendeleo wa kaunti wa miaka mitano, CIDP, huorodhesha miradi. Wa sasa ni wa 2023 hadi 2027. Lakini hela hufuata mpango wa mwaka na bajeti. Mradi ulioandikwa vizuri kwenye CIDP bila mstari kwenye bajeti ni matumaini yaliyochapishwa.

Kalenda hii imewekwa na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, na inafaa kubandikwa ukutani:

Septemba 1: mpango wa maendeleo wa mwaka uwe umefika Bunge la Kaunti.
Septemba 30: tathmini ya bajeti iliyopita.
Februari 28: waraka wa mikakati ya kifedha, unaoweka kikomo cha kila idara.
Aprili 30: makadirio ya bajeti.
Juni 30: bajeti iwe imepitishwa. Mwaka wa fedha huanza Julai 1.

Kosa tunaloliona kila mwaka ni wananchi kujitokeza Mei, wakati vikomo vya idara vilikwisha kufungwa Februari. Mwezi wa Mei unaweza kubadilisha mtaa gani upate taa. Ni vigumu sana kuongeza pesa za taa kwa jumla. Anayetaka mitaro ipate fungu kubwa aanze Agosti na arudi Februari.

Maoni yangu yataandikwaje ili yasipotee?

Kusema kwenye mkutano hakutoshi, kwa kuwa anayeandika kumbukumbu atafupisha maneno yako kuwa "wakazi waliomba mitaro". Peleka ukurasa mmoja, wenye mambo haya: wadi na jina la barabara, kipimo, kwa mfano mita 340 za mtaro kutoka kanisani hadi darajani, tatizo na tarehe zilipotokea, idadi ya nyumba zinazoathirika, ukurasa wa hati ya kaunti unaotaka ubadilishwe, na gharama ikiwa fundi amekukadiria. Chapisha nakala nne, moja ukiiacha ofisini. Ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa, ubaki nayo. Nakala ya tatu mpe karani wa kamati ya bunge la kaunti inayohusika. Ya nne apewe Mwakilishi Wadi, lakini asiwe mpokeaji pekee.

Muhuri huo ndio utakaokusaidia ukifika mahakamani au kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, kwa sababu ushirikishaji wa umma katika fedha ni matakwa ya Katiba, Kifungu cha 201.

Mradi ulipitishwa na pesa zikatengwa. Mbona haujengwi?

Bajeti ni makadirio ya mapato pamoja na matumizi. Makadirio ya mapato yakiwekwa juu mno, sehemu ya bajeti haina pesa tangu siku ya kwanza. Mwaka wa fedha wa 2023/24 Nairobi ilikusanya zaidi kidogo ya shilingi bilioni 12 kutoka vyanzo vyake, ilhali lengo lilikaribia bilioni 20. Pengo hilo haligawanywi sawa. Mishahara hulipwa kwanza, na kinachokatwa ni ujenzi. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti zimeonyesha mara nyingi Nairobi ikitumia chini ya kiwango hicho.

Juu ya hapo kuna madeni ya wanakandarasi na mawakili, zaidi ya shilingi bilioni 80, makubwa kuliko ya kaunti nyingine yoyote. Deni kama hilo lina athari ya kila siku. Mkandarasi anayejua atalipwa baada ya miaka 3 huongeza bei mwanzoni. Wenye malori ya taka wasipolipwa huegesha magari, na wiki hiyohiyo taka hulala sokoni. Fundi aliyefunga mtandao wa vihisi vya kielektroniki huzima huduma. Jiji lisilolipa kwa wakati hununua kila kitu ghali, teknolojia ikiwemo.

Ukipitia bajeti, usiishie kwenye fungu lililotengwa. Tazama ripoti ya robo mwaka ya Msimamizi wa Bajeti, safu ya pesa zilizotolewa na safu ya zilizotumika.

Malipo ya kidijitali yameongeza mapato?

Yamesaidia pale palipokuwa na mlipaji anayejulikana. Maegesho, leseni na kodi ya ardhi zikilipwa kwa simu, noti hazipiti mikononi mwa mtu. Kuunganisha leseni ya biashara, cheti cha zimamoto, afya na tangazo kuwa kibali kimoja, hatua iliyoanza 2023, kumepunguza safari za ofisini na nafasi za kuombwa kitu kidogo.

Mfumo hauwezi, hata hivyo, kumtoza asiyekuwemo kwenye daftari. Kwa miongo kadhaa kodi ya ardhi ya Nairobi ilitegemea orodha ya thamani iliyoandaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ploti iliyogawanywa mara nne na kujengwa ghorofa ilibaki kwenye daftari kama shamba moja. Hakuna programu inayorekebisha hilo. Kinachohitajika ni wapima ardhi, wathamini, na ramani inayosasishwa kila kibali cha ujenzi kinapotolewa.

Jambo la pili ni mkataba. Kaunti ikibadilisha mfumo, swali la kwanza liwe: kumbukumbu za walipaji ni za nani? Mkataba mzuri huandika kwamba data yote ni mali ya kaunti, nakala kamili hukabidhiwa kila mwezi katika muundo unaosomeka na mifumo mingine, msimbo wa programu au angalau maelezo ya mfumo huwekwa mahali salama, na mtoa huduma anayeondoka huendesha mfumo sambamba na mpya kwa muda uliotajwa. Vifungu hivyo vikikosekana, mkandarasi huondoka na kumbukumbu, kaunti huanza upya, na mwananchi mwenye risiti huitwa mdaiwa.

Taka za Nairobi zinashindikana wapi?

Jiji huzalisha takriban tani 2,000 hadi 3,000 kwa siku. Chukua tani 2,500 na lori la tani 10: ni safari 250. Lori likienda jaani mara mbili kwa siku, unahitaji malori 125 yanayotembea, mbali na yaliyo gereji. Foleni ya Dandora au barabara mbovu ya ndani ya jaa ikifanya kila lori liende mara moja tu, ghafla unahitaji 250. Ndiyo maana kukarabati njia ya kuingia jaani kunaweza kuwa na faida kuliko kununua malori mapya, ingawa hakuna anayekata utepe kwa ajili ya njia ya jaani.

Dandora ilianza kutumika katikati ya miaka ya 1970 na ilitangazwa kujaa mwaka 2001. Bado inapokea taka.

Malipo ya wazoaji nayo yana mtego. Ukilipa kwa safari, malori yatafika nusu tupu. Ukilipa kwa tani, utaona mchanga na mawe, na vichochoro vyembamba vitaachwa kwa sababu vinachelewesha. Kinachofanya kazi ni mizani ya magari inayotuma uzito moja kwa moja kwenye mfumo, pamoja na kifuatiliaji kwenye lori kinachoonyesha mitaa iliyopitiwa, na malipo yanayotegemea vyote viwili.

Zaidi ya nusu ya taka za nyumbani ni mabaki ya chakula na mboga. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe zilipotoka. Kutenganisha hufa haraka kwa sababu moja: mama mwenye nyumba akiona mifuko yake miwili ikitupwa kwenye lori lilelile, wiki inayofuata ataacha, na ana haki. Panga kwanza siku ya kuchukua mabaki ya chakula na mahali pa kuyapeleka, mboji au chakula cha mifugo, ndipo ugawe ndoo. Masoko ya mboga na matunda kama Wakulima yanafaa kutangulia, maana taka zake nyingi ni za aina moja na ziko mahali pamoja.

Kwa nini mitaa hufurika kila masika?

Fanya hesabu. Mvua ya milimita 50 ikianguka kwenye hekta moja iliyofunikwa kwa paa na saruji huleta karibu lita 500,000, sawa na maboza 50 ya lita 10,000, ndani ya saa chache. Ardhi yenye nyasi ingekunywa sehemu kubwa. Jiji likiruhusu kila ploti kusakafiwa hadi ukutani, mtaro uliochimbwa enzi za nyumba za ghorofa moja hautoshi, hata ukiwa safi.

Na mara nyingi si safi. Tazama mambo manne. La kwanza ni kivuko cha kuingilia ploti: mwenye nyumba huweka bomba jembamba, na hapo ndipo chupa hukwama. La pili, tope lililochotwa huachwa kando ya mtaro, mvua ya kwanza ikalirudisha. Kandarasi ya kuzibua lazima itaje kuondoa tope ndani ya saa 48. La tatu, mabomba ya vyoo huunganishwa kwenye mtaro wa mvua kinyume cha sheria. La nne ni majira. Kuzibua kufanywe Februari kabla ya masika na Septemba kabla ya vuli. Zabuni inayotangazwa Machi huanza kazi mvua ikinyesha.

Kando ya mito suala ni zito zaidi. Kanuni za mazingira hutaja hifadhi ya mita 6 hadi 30 kila upande, kupimwa kutoka kiwango cha juu kabisa cha mafuriko kilichowahi kurekodiwa. Mahali ambapo kiwango hicho hakijawekewa alama ardhini, kila mmoja huja na kipimo chake: mwenye jengo ana mita 6, afisa ana 30. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliua watu, na ubomoaji uliofuata Mathare na mitaa mingine ya kingo za mito uliwaacha maelfu bila makao. Vigingi vya mpaka vilivyowekwa mapema, na ramani iliyobandikwa kwenye ofisi ya wadi, vingeepusha watu kujenga na baadaye kubomolewa. Hili tunalisisitiza: kipima maji cha kielektroniki mtoni kina faida ikiwa tu kuna mtu wa kupokea onyo usiku, njia ya kulifikisha mtaani, na mahali pakavu pa kwenda.

Mita erevu zitamaliza uhaba wa maji?

Kwa miaka mingi kati ya asilimia 40 na 50 ya maji ya Nairobi hayalipiwi: huvuja, huibwa, au mita husoma vibaya. Njia ya kawaida ya kutafuta uvujaji ni kugawa mtandao katika kanda ndogo, kufunga mita moja kubwa kwenye mlango wa kila kanda, na kusoma mtiririko kati ya saa nane usiku na saa kumi alfajiri, watu wakiwa wamelala. Maji mengi saa hizo ni dalili ya bomba linalovuja.

Mgao huvuruga kipimo hicho. Bomba likifunguliwa siku 2 kwa wiki, usiku huo watu huwa macho wakijaza matangi, na hewa iliyomo bombani huzungusha mita kabla ya maji. Mwenye nyumba hulipia upepo. Kanda zenye maji muda wote ndizo za kuanzia, na mita erevu zifuate baada ya mipaka ya kanda kufungwa sawasawa.

Je, mitaa ya mabanda ina nafasi katika jiji erevu?

Mukuru ndiyo jibu. Agosti 2017 kaunti iliitangaza Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo la mipango maalumu, lenye kaya takriban 100,000. Viwango vya kawaida vya upana wa barabara vingehamisha watu wengi mno, hivyo wapangaji, vyuo vikuu, Muungano wa Wanavijiji (shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda) na wakazi walikaa katika vikundi vya mada: maji, afya, ardhi, fedha na vingine. Takwimu zilikusanywa na wakazi wenyewe, na zilionyesha kuwa mkazi wa kibanda hulipia ndoo ya maji bei ya juu kwa lita kuliko mwenye nyumba mtaa wa kitajiri. Majitaka yalipangiwa mabomba membamba yanayopita vichochoroni kwa kina kifupi.

Kwa maoni yetu, huo ndio uerevu hasa ambao Nairobi imewahi kuonyesha, na haukuhitaji skrini hata moja. Shida yake haijaisha: mipango hutayarishwa kwa pamoja, lakini ardhi nyingi ina hati za watu binafsi, na suala hilo huhitaji serikali kuu.

Na matatu?

Mwaka 2014 watafiti, Chuo Kikuu cha Nairobi kikiwemo, walitumia simu kurekodi njia za matatu na kutoa ramani iliyo wazi kwa umma, katika muundo ambao programu za safari huusoma. Data hiyo huchakaa kila stage inapohamishwa, kwa hiyo kaunti inahitaji mtu mwenye cheo na mshahara wa kuisasisha. Taa za kuongozea magari zinazojipanga zenyewe nazo hazisaidii pale polisi anaposimama kwenye mzunguko na kuongoza kwa mkono. Mfumo husoma foleni ambayo haukuisababisha.

Watembea kwa miguu ni wengi, na sera ya 2015 ya kaunti ilitaka asilimia 20 ya bajeti ya barabara iende kwao. Itafute asilimia hiyo kwenye makadirio ya Aprili.

Jengo kubwa linajengwa karibu nami. Nifanye nini?

Omba kuona kibali cha kaunti, leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, na usajili wa NCA, mamlaka ya ujenzi. Chini ya Sheria ya Mipango ya Ardhi ya 2019, kaunti ina siku 60 kujibu ombi la ujenzi. Ikikaa kimya, ombi huhesabiwa kuwa limekubaliwa. Uzembe wa ofisi kwa hiyo hugeuka ghorofa. Asiyeridhika na uamuzi ana siku 14 kukata rufaa kwa kamati ya upatanishi ya kaunti. Uliza hasa kama bomba la majitaka la barabara hiyo limeongezwa ukubwa.

Ninawezaje kupata hati ambayo ofisi haitaki kutoa?

Andika ombi kwa Kiswahili au Kiingereza chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2016. Huhitaji kueleza sababu. Taja hati kwa jina na mwaka: "mkataba wa kuzoa taka wa kanda fulani, 2023/24, pamoja na vyeti vya malipo" hupata jibu, "taarifa zote kuhusu taka" hukataliwa. Ofisi ina siku 21, na inaweza kuongeza 14. Taarifa inayogusa uhai au uhuru wa mtu hutolewa ndani ya saa 48. Unaweza kutozwa gharama ya kunakili pekee. Ukinyimwa, una siku 30 kupeleka malalamiko kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki, ukiambatanisha nakala ya ombi lako yenye muhuri wa kupokelewa.